Umbali Haukuiokoa Aldabra

Desemba 2004, kobe mkubwa alitoka baharini akapanda ufukwe wa Kimbiji, kusini mwa Dar es Salaam. Alikuwa amekonda, na miguu yake imeota vile viumbe vya magamba vinavyong'ang'ania mashua iliyokaa sana majini. Wataalamu walidhani ameelea kutoka Aldabra, huko Shelisheli, zaidi ya kilomita 700. Hata kobe wa Changuu, wanaopigwa picha na kila mgeni wa Unguja, asili yao ni huko huko. Wa kwanza walitolewa zawadi mwaka 1919.

Toleo hili ni la Aldabra. Husemwa kwamba kobe wake, wapatao 100,000, wamesalia kwa sababu mwanadamu hakufika. Alifika. Mabaharia walipakia kobe hai melini wawe akiba ya nyama, na ndivyo walivyokwisha kobe wakubwa wa Mauritius, Réunion na Rodrigues. Aldabra ilipona kwa kuwa ilipata wa kuisemea. Mwaka 1874 Charles Darwin na wenzake walimwandikia gavana wa Mauritius kuomba kobe hao walindwe. Miaka ya 1960 Uingereza ilipotaka kujenga huko uwanja wa ndege za kivita, wanasayansi walipinga na hoja ikafika bungeni. Novemba 1967, paundi iliposhushwa thamani, mpango ukafutwa.

Kambi ya kijeshi ilikuja kujengwa katika kisiwa cha Diego Garcia, na huko waliishi watu. Watu hao, Wachagosi, walihamishwa wote kati ya 1968 na 1973. Kobe wa Aldabra, pamoja na yule ndege wake asiyeruka, wa mwisho wa namna hiyo katika Bahari ya Hindi, walipata watetezi London ambao binadamu hawa hawakuwapata. Ni aibu, na anayeisifu Aldabra bila kuitaja anasimulia nusu ya habari.

Leo adui haji na ramani ya uwanja. Mwaka 2019 watu wa kujitolea waliondoa kisiwani tani 25 za taka: kandambili kwa maelfu, na zaidi ya yote nyavu na kamba za meli za uvuvi. Serikali zinazouza leseni za jodari katika bahari hii, zetu zikiwamo, zihesabu nyavu za kila meli inapoondoka na inaporudi. Itakayopungukiwa ilipe gharama ya kusafisha.