Wimbo wa Keki na Jina la Mtunzi

Upo mchezo wa chemsha bongo unaopendwa sana na mashabiki wa muziki. Mwulizaji hutaja mwaka, mjibuji akataja wimbo. Ukishatajwa wimbo, hutakiwa nafasi uliyoipata katika orodha ya mauzo. Nani aliyetoa mwaka 1981 santuri ndogo ya kusherehekea siku ya kuzaliwa, ikapanda hadi nafasi ya pili Uingereza? Stevie Wonder. Kampuni gani iliyoanza kuuza santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, zenye wimbo mmoja kila upande, na mwaka gani? RCA Victor, 1949. Alama juu ya alama, mchezo huendelea mpaka usiku wa manane, na swali moja haliulizwi: maneno haya kayatunga nani?

Wimbo ule wa Stevie Wonder haukutungwa kwa ajili ya mishumaa. Ulikuwamo katika albamu yake ya 1980, Hotter than July, na ulibeba madai: kwamba siku aliyozaliwa Martin Luther King, 15 Januari 1929, itukuzwe na taifa zima la Marekani. Rais Ronald Reagan alitia saini sheria ya sikukuu hiyo Novemba 1983, ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza Januari 1986. Anayeijua nafasi ya pili ya Uingereza na asiyajue hayo ameshika ganda, tunda limemponyoka. Hata hivyo wimbo huo una bahati, kwa kuwa mtunzi wake ndiye mwimbaji wake, na jina lake halikupata nafasi ya kuanguka njiani. Upo mwingine uliokosa bahati hiyo, nao ndio unaoimbwa kuliko wote.

Wimbo wa keki, ule wa Kiingereza unaoanza kabla mishumaa haijazimwa, watu wengi huuhesabu kuwa hauna mwenyewe, kama upepo wa kusi. Wenyewe walikuwako. Lahani yake ilitungwa na Mildred J. Hill, mpiga piano wa Louisville, Kentucky. Dada yake, Patty Smith Hill, mwalimu wa watoto wadogo, akaitilia maneno ya salamu za asubuhi ili wanafunzi wake waamkiane darasani. Clayton F. Summy wa Chicago aliuchapisha wimbo huo mwaka 1893. Maneno ya siku ya kuzaliwa yaliingia baadaye katika lahani hiyohiyo, na kufikia 1912 yalikwisha pigwa chapa bila ya jina la mtu. Mwaka 1933 lahani ilisikika katika tamthilia ya muziki ya Broadway, As Thousands Cheer, na mwaka uliofuata dada wa tatu, Jessica Hill, akaenda mahakamani kuidai. Wakati huo Mildred alikuwa kaburini tangu 1916.

Hapa ndipo panapostahili kutazamwa kwa macho makavu. Mwaka 1935 kampuni ya Summy ilisajili hakimiliki ya wimbo wa siku ya kuzaliwa. Hakimiliki hiyo ikauzwa na kurithiwa kama shamba la mikarafuu, kutoka mkono hadi mkono, mpaka 1988 ilipoangukia kwa Warner, walioinunua kampuni iliyoishika kwa bei iliyotajwa kuwa dola milioni 25. Tangu hapo kila aliyeuingiza wimbo huo katika filamu alitakiwa kulipa. Waliotengeneza filamu ya Hoop Dreams, iliyotoka 1994, walilipa dola 5,000 kwa ajili ya familia moja kumwimbia kijana wao aliyetimiza miaka 18. Mikahawa mikubwa ya Marekani ikawatungia wahudumu wake nyimbo nyingine za kupigia makofi, kwa kuogopa ankara. Mwaka 2013 mtengeneza filamu mmoja aliyelipishwa dola 1,500 aliishitaki kampuni. Na tarehe 22 Septemba 2015 Jaji George H. King wa Los Angeles akaamua kwamba usajili wa 1935 ulihusu mipangilio fulani ya piano tu, na kwamba haki ya maneno haikupata kamwe kuvuka kutoka kwa akina Hill hadi kwa kampuni. Shauri lilimalizwa mwaka 2016 kwa mfuko wa dola milioni 14 wa kuwarudishia waliolipa.

Kwa miaka 80, basi, mfanyabiashara aliketi mlangoni akitoza ushuru wa nyumba isiyokuwa yake, na aliweza kwa sababu wapita njia hawakujua nyumba ni ya nani. Wale wanaosema kwa ukarimu kwamba wimbo ni wa kila mtu hudhani wanamkomboa mwimbaji. Kwa hakika wao ndio wanaomfungulia mfanyabiashara mlango, maana kitu kinachodhaniwa hakina mwenyewe hakikosi wa kukiokota, na mwenye kuokota huja na karani na wakili.

Yako mambo mawili hapa, na huchanganywa kila siku. Moja ni haki ya kulipwa. Hiyo ina muda wake, na yafaa iwe na muda, kwani wimbo mwishowe huingia katika hazina ya wote: huko Ulaya wimbo wa akina Hill ulitoka katika hakimiliki ulipomalizika mwaka 2016, miaka 70 baada ya kufa kwa Patty. La pili ni haki ya kutajwa, nayo haipaswi kuisha. Anayeliacha jina lianguke kwa kuwa muda wa malipo umepita ni kama mrithi anayelivunja kaburi kwa kuwa deni la marehemu limekwisha.

Watu wa pwani hawana haja ya kwenda Chicago kujifunza somo hili. Ukiingia Mfunguo Sita, Unguja, Lamu na Mombasa husomwa habari za kuzaliwa kwa Mtume, na kisomo chenyewe huitwa kwa jina la aliyekitunga: Barzanji. Sayyid Jaafar al-Barzanji alikuwa mufti wa Kishafii mjini Madina katika karne ya 18. Zimepita zaidi ya karne mbili. Chuo kimenakiliwa kwa mkono, kimepigwa chapa, kimehifadhiwa na watoto wasioweza kuionyesha Madina kwenye ramani, na jina halikutoka. Hata kilipovaa Kiswahili, kwa kalamu ya Sayyid Abubakar bin Abdulrahman wa Lamu, aliyejulikana kwa jina la Mwenye Mansabu, la mfasiri lilikuja likakaa ubavuni mwa la mtunzi, wala halikulisukuma. Hapakuwa na kampuni iliyolilinda. Lililindwa na adabu ya wasomaji, ambao waliona ni utovu wa heshima kuyatia maneno kinywani bila ya kujua yametoka kinywa gani. Washairi wa tendi nao walikuwa na desturi yao: wengi walifunga kazi kwa kujitaja na kuhesabu beti zao, ili anayepunguza au kuongeza ajulikane. Hiyo ilikuwa hakimiliki ya pwani kabla neno lenyewe halijaundwa.

Kila taifa lina namna yake ya kuipokea siku hiyo. Wachina hula tambi ndefu kwa kutaraji umri mrefu, Wakorea hunywa supu ya mwani, Wamexico huamshana alfajiri kwa wimbo wa Las Mañanitas, na Wapoland huombeana miaka mia kwa wimbo wao wa Sto lat. Pwani mtoto alipokewa kwa akika siku ya saba, na keki ni mgeni wa juzi. Mgeni si adui, naye akaribishwe. Lakini aangaliwe namna taifa jingine lilivyomkaribisha. Mwaka 1942 mtangazaji Almirante aliandaa shindano katika Rádio Tupi ya Rio de Janeiro ili lahani ya akina Hill ipate maneno ya Kireno. Waamuzi walikuwa wajumbe wa Akademia ya Fasihi ya Brazil, na aliyeshinda ni mwanamke wa Pindamonhangaba, Bertha Celeste Homem de Mello. Taifa zima likaimba maneno yake, na yeye hadi uzeeni alishikilia kwamba yaimbwe kama alivyoyaandika, asikubali hata kihusishi kimoja kibadilishwe. Wapo waliomcheka. Mshairi hatamcheka.

Kwa upande wa Kiswahili, nani aliyeulizwa? Mstari wa kwanza wa Kiingereza una mizani sita. Salamu ya kawaida, "Heri ya siku ya kuzaliwa", ina mizani kumi. Anayeilazimisha salamu hiyo katika lahani ile huzisukuma mizani kumi ndani ya chumba cha sita, mkazo ukaangukia popote pale, na neno "kuzaliwa" likatoka limeteguka kiungo. Lugha iliyowalea Muyaka na Mwanakupona, yenye watu wanaoweza kuhesabu mizani usingizini, imekubali kuvaa nguo isiyoshonwa kwa kipimo chake, kwa kuwa hakuna aliyeona kuwa kuifasiri ni kazi ya mtu mwenye jina.

Mwaka 1928 yalitokea mambo mawili yasiyojuana. Mjini Roma, mataifa ya Mkataba wa Bern yaliongeza kifungu kinachosema kwamba mtunzi, hata akishaiuza kazi yake, anabaki na haki ya kutambuliwa kuwa ndiye aliyeitunga. Mwaka huohuo Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kutiwa sauti na kampuni ya His Master's Voice, na Kiswahili cha Unguja kikaanza kusafiri ndani ya santuri. Siti alistahili kila sifa aliyopewa, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Lakini tangu santuri ilipoingia, taarabu ilianza kuhesabiwa kwa mwimbaji, na mshairi akarudi nyuma ya pazia. Shabiki atakutajia mwimbaji, kikundi, mpiga fidla na hata rangi ya kanzu ya siku ile. Muulize beti ni za nani, atakunja uso kama aliyeulizwa deni.

Matokeo yake yameonekana katika "Malaika", wimbo wa Kiswahili uliotembea kuliko wowote. Fadhili William wa Kenya aliutia katika santuri, na alipofariki mwaka 2001 wengi walimlilia kama mtunzi wake. Wapo walioshikilia kwamba mtunzi ni Adam Salim wa Tanzania. Miriam Makeba aliueneza duniani, na mwaka 1981, mwaka uleule wa santuri ya Stevie Wonder, Boney M. wakautoa kwa wanunuzi wa Ulaya. Mchezaji chemsha bongo hujibu "Boney M., 1981" na kupata alama yake. Ama swali la utunzi, limeachiwa ubishi wa barazani, kwa sababu jina halikufungwa mapema kama washairi wa tendi walivyofunga yao.

Patakuwa na watakaojibu kwamba washairi wengi wa taarabu walijificha wenyewe, kwa kuwa shairi la mapenzi au la mafumbo lina mlengwa wake mtaani, na jina la mtunzi lingemtoa nje. Ni kweli, na mwenye kujisitiri asitiriwe. Lakini sitara huombwa na mwenyewe. Aliyenyamaziwa bila kuulizwa hakusitiriwa, amenyang'anywa. Watakuwapo pia watakaosema kwamba siku ya kuzaliwa ni furaha, haifai kuingiziwa sheria na mahesabu. Nao wajibiwe kwamba kulitaja jina hakugharimu hata senti, na kwamba furaha ya mtoto haijapata kupunguzwa na kumwambia kuwa wimbo anaoimbiwa ulitungwa na mwalimu aliyependa watoto wenzake wa zamani.

Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki tangu mwaka 2003, na sheria ni jambo jema. Lakini sheria husubiri mlalamikaji, na mshairi aliyezikwa halalamiki. Kazi iliyobaki ni ya walio hai. Mtangazaji asipige wimbo wa taarabu kabla ya kumtaja aliyeuandika, kama anavyomtaja aliyeuimba. Kikundi kinapotoa kazi mpya, jina la mshairi liandikwe juu, kwa herufi zilezile za mwimbaji. Wazee wanaojua beti za nyimbo za zamani ni za nani waulizwe mwaka huu, si mwaka ujao, na majibu yao yaandikwe. Washairi nao waitishe shindano kama lile la Rio, keki ipate maneno ya Kiswahili yenye mizani iliyotimia, na atakayeshinda atajwe kila mishumaa inapowashwa. Na usiku wa chemsha bongo, kabla ya nafasi ya pili na mizunguko 45, swali la mtunzi litangulie, na asiyelijua asipewe alama.