Jina Kubwa Silo Habari

Wako wanaouliza kama mambo ya waimbaji na waigizaji yafaa kusomwa katika taarifa ya habari ya redio. Twajibu: jina kubwa silo kipimo. Steven Kanumba alipofariki Dar es Salaam, Aprili 2012, umati mkubwa ulimzika, na kesi ya kifo chake ikaamuliwa na Mahakama Kuu mwaka 2017. Hiyo ni habari, kwa kuwa kifo na sheria ni mambo ya watu wote. Bali Zari alipotangaza kuachana na Diamond Platnumz, Februari 2018, lile lilikuwa jambo la nyumba yao.

Saa ya habari ni fupi. Huku kwetu Tarime na Serengeti, Desemba ya tohara ikifika, wasichana hukimbia kisu, wakapokewa katika nyumba za usalama, kama zile za Masanga na Mugumu. Sheria ya mwaka 1998 yakataza kumkeketa aliye chini ya miaka 18. Mzazi asiyeisikia huenda akampeleka binti yake mwenyewe.

Basi wazazi na walimu, taarifa ikiisha tuulizane: neno hili latutaka tufanye nini? Lisilotutaka kitu, na lingoje saa ya burudani.