Amortiseri za Pikipiki: Tupime Kwanza

Juma hili twaomba radhi kwa mama wa nyumbani, maana maneno yetu ni ya chuma na mafuta. Walakini wasigeuze ukurasa upesi. Shauri hili lilitoka kwa mama mmoja, yeye aketiye nyuma ya pikipiki ya mumewe.

Jioni moja jirani yetu hapa Lubumbashi alitujia akisukuma pikipiki yake, moja ya zile ndogo zenye injini ya 150 zitokazo Uhindi. Siku zote humpeleka kazini, na mwisho wa mwezi humpeleka Likasi pamoja na mkewe kumsalimu mama mkwe, mwendo wa kilometa 120 hivi juu ya lami. Mkononi alishika bahasha.

«Bwana Mwalimu,» alisema, «mke wangu hapandi tena.»

Tukamwuliza sababu. Akatueleza ya kwamba katika safari yao ya mwisho walifika mahali ambapo malori ya migodi yameikandamiza lami hata imekuwa na mawimbi kama maji ya ziwa. Walikuwa wakiingia katika kona. Sehemu ya nyuma ikagonga chini, ikarushwa juu, ikagonga tena, na gurudumu likahama upande. Hawakuanguka, Mungu ashukuriwe. Mama hakusema neno mpaka wakafika. Walipokuwa wakirudi, akasema: «Tangu leo mimi ni mtu wa basi.»

Katika bahasha zilikuwamo fedha zilizowekwa kwa ajili ya mabati ya jiko. Jirani alikuwa ameona dukani jozi ya amortiseri ndefu, rangi nyekundu, zenye kichupa ubavuni. Mwuzaji alimwambia kwamba ni ngumu sana, hazitagonga kamwe. Tukamwuliza kama Mama alijua habari ya bahasha. Akatazama chini.

Basi tuliketi barazani, na haya ndiyo tuliyosemezana, maana twajua kuna baba wengi wenye bahasha ya namna hii.

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya amortiseri ni kumwonea huruma mpandaji asiumie kiuno. Hiyo ni kazi yake ya pili. Kazi yake ya kwanza ni kulishika tairi lisiachane na ardhi. Tairi lililo hewani halifungi breki wala halikati kona. Ni kama mguu wa mtu aliyeteleza. Pikipiki ngumu kama ubao hurukaruka juu ya kila wimbi, na iliyolegea hushuka mpaka chuma chapiga chuma, kisha hurushwa juu. Zote mbili zapoteza ardhi.

Ndani ya chombo kile mna wafanyakazi wawili, nao wasichanganywe. Wa kwanza ni springi, ambayo mafundi wetu huiita resori: yeye hubeba uzito. Wa pili ni mafuta, yapitayo kwa shida katika matundu madogo: yeye huituliza resori isichezecheze baada ya kubonyea. Mwaka 1935 kampuni ya BMW ya Ujerumani ilitoa pikipiki iitwayo R12, yenye mirija miwili mbele iingianayo, na mafuta ndani yake ya kuituliza resori. Hata leo pikipiki nyingi za mitaani mwetu, kama Boxer na TVS, zafuata umbo lile mbele, na nyuma zina amortiseri mbili, moja kila upande. (Ile R12 yenyewe haikuwa na resori yoyote kwenye gurudumu la nyuma, mpandaji alitegemea resori za kiti chake. Tukilalamika, tuwakumbuke.)

Sasa, jirani yetu alikuwa amekwisha kuzikaza resori za nyuma kwa kuzungusha zile pete zenye ngazi, naye alisadiki kwamba amezifanya kuwa ngumu. Hasha. Tuseme resori yahitaji kilo 10 ili ibonyee sentimeta 1, na kilo 10 nyingine kwa sentimeta ya pili. Ukiikaza hata ikafupika sentimeta 1, haitaanza kushuka mpaka ipate zile kilo 10 za kwanza. Lakini baada ya hapo kila kilo 10 zitaishusha sentimeta 1, sawasawa na zamani. Pikipiki imeinuka, resori ni ile ile. Kuinuka kwake kuna faida, kama tutakavyoona, lakini mtu asidhani amenunua nguvu kwa kuzungusha pete.

Nasi tusijivune. Miaka michache iliyopita tulichoka na pua ya pikipiki yetu kuinama kila tulipofunga breki. Tukasikia kwamba mafuta mazito ni dawa, tukatia katika amortiseri za mbele mafuta ya giaboksi ya gari. Juu ya lami laini tulifurahi. Lakini mafuta yapitayo katika tundu dogo yana tabia hii: mwendo wa kubonyea ukizidi mara 2, upinzani wake huzidi karibu mara 4. Tulipofika penye mashimo madogo yenye kingo kali, huku tumeshika breki, mafuta yalikataa kupita, gurudumu la mbele likadundadunda kama mpira, na sisi tukalala mtaroni. Majuma mawili tuliandika ubaoni kwa mkono wa kushoto, na wanafunzi wetu walikuwa na adabu ya kutocheka mbele yetu.

Kwa hiyo tulimwambia jirani: bahasha irudi mfukoni, lete utepe wa kupimia. Na umlete Mama.

Mama alikuja Jumamosi, uso wake haujapendezwa. Tulipomweleza kwamba yeye ndiye kipimo kikubwa cha kazi hii, akaketi. Tulianza na matairi, maana hakuna haja ya kuhukumu amortiseri iwapo tairi lina upepo kidogo. Kisha tukalishika gurudumu la nyuma na kulitikisa kushoto na kulia ili tujue kama mkono ulishikao umelegea. Tukafanya vivyo hivyo mbele kwa ajili ya beringi za usukani. Yote yalikuwa mazima. Wengine hugundua hapo hapo kwamba ugonjwa wao ni beringi moja tu, wakaenda zao na fedha zao.

Kisha tukaisimamisha pikipiki juu ya stendi ya katikati, gurudumu la nyuma likining'inia. Tukapima toka kitovu cha gurudumu mpaka alama tuliyoitia juu yake kwenye fremu: milimeta 560. Tukaishusha chini, jirani akapanda peke yake kwa mavazi yake ya safari, wawili wakimtegemeza: 525. Yaani imeshuka 35. Mama akapanda nyuma na kikapu chake: 490. Imeshuka 70. Kila kipimo tulikirudia mara mbili: kwanza tukiibonyeza na kuiacha ipande polepole, kisha tukiinyanyua na kuiacha ishuke polepole, tukashika katikati, maana msuguano wa mipira hudanganya.

Sasa kumbukeni kwamba safari yote ya gurudumu lile, toka juu hata kugonga, ilikuwa milimeta 90 hivi. Kwa pikipiki ya barabarani mafundi hutaka uzito wa mpandaji ule theluthi moja ya safari hiyo, ili ibaki nafasi ya kushuka penye tuta na nafasi ya kufuata shimo. Baba peke yake amekula 35: si mbaya. Pamoja na Mama zimebaki 20 tu! Wimbi lolote la lami lilikuwa lazima ligonge. Hata tulipozikaza pete mpaka ngazi ya mwisho, pikipiki iliinuka milimeta 12, basi. Mama aliutazama utepe, kisha akamtazama mumewe, akasema: «Kumbe si woga wangu.»

Neno hilo tungependa kila baba alisikie. Kwa kadiri watu wakaavyo juu ya pikipiki, uzito wa mpandaji hugawanyika mbele na nyuma, lakini uzito wa aketiye nyuma huenda karibu wote juu ya gurudumu la nyuma. Baba ajaribuye pikipiki peke yake, akasema «yaenda vizuri», hajajaribu safari ya mkewe.

Likabaki jaribio la mafuta. Tuliibonyeza sehemu ya nyuma kwa nguvu, tukaiachilia. Amortiseri nzima hupanda mara moja na kutulia. Hii ilipanda, ikashuka, ikapanda tena, ikashuka; na kwenye fimbo zake tuliona unyevu wa mafuta. Zimekufa. Amortiseri za namna hii hazifunguki. Hubadilishwa, na daima zote mbili, kwa maana nzima na nzee zikifungwa pamoja humpindisha mpandaji katika kona.

Achague zipi, basi? Zile nyekundu tulimkataza. Kwanza, zilikuwa ndefu kuliko zake kwa sentimeta 3. Nyuma ikiinuka namna ile, uzito huelemea mbele, usukani huwa mwepesi kupita kiasi kwa mwendo wa kasi, na stendi ya katikati hailinyanyui gurudumu tena. Pili, neno «ngumu» bila kilo si kipimo. Mwuzaji hakuweza kusema resori ile imeundwa kwa mzigo gani. Tatu, kile kichupa. Katika amortiseri ya kweli gesi huyabana mafuta yasifanye povu yanapopata moto, na kichupa huyapa nafasi ya kupoa. Ni jambo jema. Lakini katika nyingi za bei rahisi kichupa ni pambo, ndani hamna kitu. Wako mabingwa wa kazi hii, kama Öhlins wa Sweden walioanza mwaka 1976, au YSS wa Thailand, nao huunda kwa uzito wa mteja. Jozi ya wale wa kwanza yaweza kukaribia bei ya pikipiki yenyewe, na kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa kati ya malori twaona ni kununua saa ya dhahabu ili kujua wakati wa kupika ugali.

Jirani alinunua jozi ya urefu ule ule wa asili, yenye resori nzito kidogo iliyoundwa kwa watu wawili, na pete ya ngazi tano. Tukapima tena. Peke yake, ngazi ya kwanza: ameshuka 27. Pamoja na Mama, ngazi ya nne: 42. Ndipo pete ile ilipoonyesha faida yake. Kazi yake ni kuirudisha pikipiki mahali pake mzigo ubadilikapo. Ni sharti azizungushe zote mbili sawa, na asisahau kuzirudisha akiwa peke yake.

Mbele hatukununua resori. Tulimwaga mafuta tu, yakatoka meusi kama kahawa, mguu mmoja nusu ya mwenzake. Mipira izuiayo mafuta ilikuwa imepasuka upande huo, na mafuta yalikuwa yameanza kutelemka kuelekea breki. Hilo lilitutisha kuliko mengine yote. Tukatia mipira mipya, na mafuta ya namba iliyoandikwa katika kitabu cha pikipiki, kwa kipimo kilichoandikwa, miguu yote miwili sawasawa. Mtu asizidishe kipimo kwa ukarimu: hewa iliyobaki juu ya mafuta ni resori nayo, na ikibanwa mno huipasua mipira upya. Twashauri kazi hii ifanywe kila baada ya miaka 2 hivi. Wengi hawaifanyi kamwe, kwa sababu kinachochakaa polepole hakimwamshi mtu.

Jirani akauliza kama sasa aweza kumpakia pia mtoto wa pili, kati yake na Mama. Tulimfungulia ukurasa wa kitabu uonyeshao mzigo wa mwisho. Namba ile imehesabiwa kwa fremu, breki na matairi. Resori mpya hazikuibadilisha hata kilo moja. Mtoto atapanda basi pamoja na shangazi yake.

Vipimo vyote vimeandikwa nyuma ya daftari la matumizi ya nyumbani, kwa mwandiko wa Mama, kwani ndiye aliyeshika penseli. Humo humo aliandika bei ya kila kitu na fedha zilizobaki kwa mabati. Wamepatana wasiende Likasi kwanza. Jumapili ijayo watakwenda Kipushi na kurudi, kilometa 60 hivi kwa jumla, kisha karanga zote za amortiseri zikazwe tena, na Mama aseme alivyoona.