Msosi wa Bure Ofisini Una Bei Yake

Picha anazotupia Insta jamaa mmoja wa Kibongo aliyepata kazi London zimewatoa watu udenda: kahawa bure, matunda bure, ukuta mzima wa kioo. Kampuni yenyewe inauza takwimu za fedha. Huku nyumbani wakaanza: "Keshatoka huyo, sasa anaringa, hata simu hapokei."

Jamani, mwacheni. Soko la hisa la London linafunguliwa saa 2 asubuhi, na makampuni mengi yanatoa hesabu zao saa 1. Muda huo yeye yuko kitini, skrini mbili mbele yake, anahakikisha "elfu" haijaingia mahali pa "milioni". Huduma za juu za aina hiyo zinapita dola 20,000 kwa mwaka kwa mtumiaji mmoja. Mteja wa hivyo hataki kusikia eti kidole kiliteleza. Na ule msosi? Umewekwa ili mtu asitoke nje kula. (Hata mafundi ujenzi wanaujua ujanja huu, ukimpikia kibarua saiti, mchana hapotei.)

Kinachouma zaidi ni mjomba anayepiga kuuliza hisa ipi itapanda. Mfanyakazi akinong'oneza ndugu taarifa ambazo hazijatoka hadharani, Uingereza hiyo ni jela hadi miaka 10. Akikataa, ana roho mbaya. Kutwa nzima kijana anatazama mabilioni ya watu. Ya kwake ni mshahara tu, na nusu unaenda kwa mwenye nyumba.

Wadau, nyie simu ya mjomba mngepokea?