Pachinko na Watakao Isemwe kwa Lugha Moja

Wako wasemao kuwa Pachinko, tamthilia ya televisheni iliyotoka mwaka 2022 na kuendelea 2024, ikitokana na riwaya ya Min Jin Lee, ingependeza zaidi lau wahusika wote wangetiwa sauti za lugha moja. Rai hii siikubali hata kidogo.

Humo husemwa Kikorea, Kijapani na Kiingereza. Tafsiri iandikwayo chini ya picha ni ya manjano kwa Kikorea na ya buluu kwa Kijapani. Wapinzani wetu huyaita hayo mapambo. Mapambo! Nyumbani kwa Sunja, aliyehamia Osaka toka Busan, sentensi moja ya mjukuu wake Solomon yaweza kuwa na rangi mbili. Asiyejua neno la lugha zile huona kwa macho mpaka upitao kinywani mwa kijana huyo. Ukitia sauti moja, Solomon hubaki mtu wa benki tu.

Na mpaka huo uliua watu. Baada ya tetemeko la Kanto la 1923, ambalo tamthilia inalionyesha, Wakorea waliuawa kwa maelfu, na matamshi ya Kijapani yakafanywa kipimo cha kuwatambua. Je, msanii ataonyeshaje hofu ya kusema, ikiwa muuaji na mwindwa wanasema sawasawa?

Pana pia kisa cha wali. Bibi mmoja wa Tokyo amwandalia Sunja. Sunja auonja, autambua mchele wa Korea, alia. Wazee hao wanazungumza Kikorea, na Solomon, aliyefuata kununua nyumba, ameketi kando.