Vunjajungu ao kokisineli: nani analinda muhindi wetu?

Ndugu memba wa koperative, mu mashamba ya hapa Tenke watu wanapenda kunionyesha vunjajungu. Wanasema: «Agronomu, huyu ndiye askari wetu.»

Sikatae, vunjajungu ni muwindaji. Lakini anasimama pahali pamoja kama mutu anayesali, anangojea kinachopita mbele yake: panzi, nzi, hata nyuki. Tena wanakulana wao kwa wao, ndiyo maana hawajae mu shamba. Kiwavi jeshi aliyejificha mu moyo wa muhindi, yeye hamuone.

Kokisineli, kale kadudu ka muviringo, kekundu kenye madoa meusi, anatembea jani kwa jani na anaingia mpaka mu moyo wa muhindi. Anakula mayai ya kiwavi jeshi na viwavi vidogo. Kwa siku moja anaweza kumaliza makumi ya vidukari, tule tududu twenye kunyonya maharagi. Watoto wake wanakula vilevile.

Shida iko hapo. Mutoto wa kokisineli hafanane na mama yake. Ni murefu, mweusi ao wa kijivu, ana madoa ya rangi ya machungwa, kama mamba mudogo sana. Mimi mwenyewe, na diplome ya agronomia mu mufuko, nilishamuponda nikizania ni adui.

Dawa nayo haichague. Tangu viwavi jeshi walionekana Afrika mu 2016, wengi wetu tunapulizia siku ileile tunapoona jani lenye tundu. Tunaua walinzi, mwizi aliye ndani anabaki, kisha tunanunua dawa tena, na unga wa Zambia juu yake.

Maoni yangu ni haya. Mbele ya kununua dawa, simama pahali 5 mu shamba, angalia mimea 10 kila pahali. Kama iliyoliwa haifike 10, ponda mayai kwa vidole. Lakini angalia vizuri: ya kiwavi jeshi mara nyingi yamefunikwa na manyoya kama pamba. Ya kokisineli ni ya manjano, yamesimama wima. Hayo muyaache.

Vunjajungu naye mumuache, hana kosa. Ila ku mukutano ujao, kila mumoja alete mutoto wa kokisineli ndani ya chupa. Bamama, babaa na vijana, wote tumujue kwa macho mbele mutu hajashika pompi.