Mpaka wa Horohoro upo hata angani: namba nne za rubani

Wadau, hapa Horohoro tumezoea mpaka wa chini. Unashuka kwenye basi la Mombasa, unapanga foleni Uhamiaji, unagongewa mhuri, safari inaendelea. Ndege inayotoka Mombasa kwenda Zanzibar nayo inavuka mpaka, ila foleni yake iko redioni. Rubani anaagwa na waongoza ndege wa Kenya, anapokelewa na wa Tanzania, na anaweza kupewa namba mpya ya kuingiza kwenye mtambo unaoitwa transponda.

Namba hiyo ina tarakimu nne, kila moja kuanzia 0 hadi 7. Ukipiga hesabu unapata namba 4096 tu kwa jumla, ndo maana zinagawiwa kwa mpango. Rada inauliza kutoka chini, transponda inajibu: mimi ni namba fulani, niko juu kiasi fulani.

Zipo tatu ambazo hagawiwi mtu: 7500 maana yake nimetekwa, 7600 redio imekufa, 7700 nina dharura. Rubani akibadilisha namba anatakiwa awe makini asizipitie kwa bahati mbaya, maana huko chini watu wataruka vitini.

Tarehe 17 Februari 2014 ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa inatoka Addis Ababa kwenda Roma ilitoa 7500. Kumbe mtekaji alikuwa rubani msaidizi mwenyewe! Rubani mkuu alikwenda chooni, jamaa akafunga mlango, akaipeleka ndege Geneva kuomba hifadhi. Watu wote 202 walitoka salama.

Sasa ishu iko hapa. Yule aliamua kusema. Asiyetaka kusema je? Septemba 11, 2001, katika ndege 4 zilizotekwa Marekani, 3 transponda zilizimwa na moja ikabadilishwa namba. Machi 2014 ishara ya transponda ya ndege ya Malaysia, MH370, ikapotea. Iliyoendelea kuiona ikigeuka ni rada ya jeshi, aina ile inayopiga mwangwi bila kusubiri jibu la ndege.

Sisi Watanzania ukitaja rada tunakumbuka ile ya BAE ya Uingereza, pauni milioni 28, na "chenji ya rada" ya pauni milioni 29.5 iliyorudi kwa ajili ya elimu. Kelele zile zilikuwa za haki. Mwaka 2017 tukasaini mkataba wa rada nyingine 4 na Thales ya Ufaransa, safari hii za Dar, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe.

Mimi naona tumejadili sana bei, tukamsahau anayekaa mbele ya kioo usiku kucha. Mhuri wa Uhamiaji unagongwa na mtu anayekutazama usoni. Namba ya angani anaibonyeza rubani mwenyewe, na ikinyamaza, tumaini letu ni yule mwongoza ndege: amefundishwa vizuri? Amelala vya kutosha? Wako wangapi kwa zamu?

Hayo ndo maswali ya kuwauliza wabunge wetu. Mnaonaje wadau?